Msumeno Ulioshikwa na Homa

Bi Fundi alikuwa mtu wa kugombana na vitu. Watu aliwavumilia, maana watu, alisema, hawana spea. Lakini mlango usiofunga, droo inayokwama, sufuria inayoyumba jikoni, hivyo alivisema wazi wazi, kwa sauti, na pengine kwa kofi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, waliokuwa wakipita mbele ya karakana walipomsikia akifoka, "Una nini wewe leo? Homa?" hakuna aliyegeuka kutazama. Walijua anazungumza na msumeno.

Ulikuwa msumeno wa meza, mzito, wa zamani, meza yake ya chuma imesuguliwa na mbao za miaka ishirini na tatu mpaka inang'aa. Na asubuhi ile ulikuwa unatetemeka. Si ule mtetemo wa kila siku, kwa sababu kila mashine ina pumzi zake, bali mtetemo mwingine wa chini kwa chini, unaopanda kupitia viganjani na kwenda kukaa kwenye magego. Ubao aliopasua ulitoka na mistari ubavuni utadhani panya wameutafuna. Bi Fundi alizima, akajaza maji kwenye glasi, akaiweka juu ya meza ya msumeno, akawasha tena. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha nyumba ile. Mashine ikiwa nzima, maji hutulia, yakacheza kidogo tu pembeni. Siku hiyo yalijaa viduara kutoka ukingoni hadi katikati, na haukupita muda glasi yenyewe ikaanza kutembea.

"Umeona?" alimuuliza mumewe.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Aliitazama glasi ikitembea, akakunja uso.

"Siyo," alisema.

"Siyo kabisa," mkewe alikubali, akaidaka glasi kabla haijaanguka.

Mtaa mzima ulimwita mume huyo Nukta, na jina lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Katika maisha yake ya useremala hakuna kitu alichokifungua bila kukitia nukta. Mguu wa kiti na tundu lake: nukta huku, nukta kule. Droo na mahali pake, vivyo hivyo. Hata mifuniko ya vyombo vya jikoni ilikuwa na nukta, na mgeni aliyefunika chombo kwa mfuniko wa jirani yake aliambiwa kwa upole arudie. Nukta zote zilikuwa nyekundu, za rangi ya kucha. Alidai hakuna rangi inayoshinda hiyo kwa kung'ang'ania chuma. Ndiyo sababu mkewe, ambaye hakuwahi kuipaka kwenye kucha zake hata mara moja tangu aanze kushika randa, alikuwa akinunua chupa baada ya chupa dukani na kuonekana mpenda urembo asiye na mfano.

Msumeno ule waliununua ukiwa mgonjwa, na hapo ndipo sifa za Nukta zilipoanza. Bledi ya msumeno hukaa kwenye shafti, mhimili wa chuma unaoizungusha, imebanwa katikati ya visahani viwili vya chuma, halafu nati inakaza vyote. Sasa shafti ya msumeno huu ilikuwa imepinda unywele mmoja. Kisahani cha ndani nacho kilikuwa kimevunjika, na mkereza vyuma aliyewatengenezea kingine alikitoa kinene upande mmoja, unywele mmoja vilevile. Watu waliwashauri wautupe. Nukta alikaa nao siku mbili. Alikizungusha kile kisahani kidogo kidogo kwenye shafti, akafunga, akawasha, akatazama maji kwenye glasi, akafungua, akazungusha tena, mpaka akapata mahali ambapo ubovu wa kisahani ulifuta ubovu wa shafti, na maji yakatulia tuli. Hapo akatia nukta kwenye kisahani na nukta nyingine kwenye ncha ya shafti.

"Siku zote ukibadilisha bledi," alimwambia mkewe, "nukta itazame nukta. Zikitazamana hawa wawili wanaelewana. Zisipotazamana, utajuta."

Mkewe, ambaye wakati huo alikuwa msichana aliyeshika glasi na kuchekelea, aliyashika maneno hayo. Aliyashika kwa miaka ishirini na tatu na hakuwahi kujuta.

Miezi minane kabla ya Jumatatu hii, kiharusi kilimpiga Nukta asubuhi moja akifunga viatu. Kilichukua mkono wa kulia, kikaulemaza mguu wa kulia, kikazoa maneno yake karibu yote na kumwachia machache: ndiyo, siyo, haya, na lile alilomwitia mkewe tangu ujana, mwenzangu. Tena kilichukua nusu ya macho yake. Vitu vilivyo upande wa kulia alikuwa havioni kabisa. Akila, alimaliza nusu ya sahani na kuweka kijiko chini, na mkewe humgeuzia sahani, naye akiona chakula kingine anatabasamu, akidhani ameongezewa. Bi Fundi hakuwahi kumweleza. Aliipenda mno ile furaha ya kuongezewa.

Binti yao mkubwa alikuwa na mpango. Alikaa mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, akifanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno, na alikuwa na chumba cha ziada, choo cha kukalia na mume mpole. Alitaka baba akae kwake. Kila wiki alilileta jambo hilo kwenye simu, na kila wiki mama yake alimjibu jibu lilelile: "Baba yako hamsumbui mtu. Anakaa tu." Jambo la pili hakulisema, na ndilo lililokuwa kubwa. Hakusema kwamba kiti kile cha mlangoni kikibaki kitupu, yeye hatajua anafungua karakana kwa ajili ya nani.

Basi msumeno ukawa unatetemeka, na zahanati ya jirani ilikuwa inasubiri milango kumi na miwili. Jumanne Bi Fundi aliitoa bledi, akausugua utomvu uliogandamana kwenye meno, akairudisha. Glasi ikatembea. Akaitoa tena, akaweka bledi mpya kabisa, bado na mafuta ya kiwandani. Alipokuwa akiifunga aliona nukta zake zimekolea, nyekundu, zinaonekana vizuri kuliko siku zote, akapata hata faraja kidogo. Angalau kitu kimoja hapa hakijazeeka, aliwaza. Akazipanga, nukta ikaitazama nukta, akakaza nati kwa uzito wake wote juu ya spana.

Glasi ikatembea.

Alilala chini ya meza kwa mgongo, kilemba kimejaa unga wa mbao, akakagua mkanda. Mkanda wa mashine ukikaa muda mrefu bila kuzunguka huwa unashika umbo la kulala, na hapo hugonga kila mzunguko. Akanunua mpya. Akanyoosha puli mbili zinazobeba mkanda kwa rula mpaka zikakaa mstari mmoja. Akakaza bolti za mota, akaingiza kipande cha mpira chini ya mguu wa meza uliokuwa ukining'inia. Kila alipomaliza kitu kimoja alisimama, akajifuta jasho, akamwambia msumeno, "Haya, sasa kisingizio chako nini?" na kila mara msumeno ulimjibu vilevile.

Jumatano ukamjibu vibaya zaidi. Alikuwa anapasua ubao mgumu wa fremu, ubao ukabanwa na bledi inayoyumba, ukarushwa nyuma na kumpiga pajani. Bi Fundi alijikuta amekaa sakafuni, mguu umekufa ganzi, akitafuta pumzi. Nukta alijaribu kuinuka, fimbo ikateleza, akarudi kitini na kishindo, akitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Mzima, mzima," alisema mkewe kutoka sakafuni. "Mguu upo. Acha kunitolea macho."

Ng'ambo ya barabara alikaa fundi cherehani, mwanamke mwenye roho nzuri ambaye hakuweza kutunza siri hata ya kiuno cha mteja. Aliona yote kupitia dirishani. Kabla Bi Fundi hajapata barafu ya kuweka pajani, simu ilikuwa inalia.

"Mama, umeumia?"

"Nani kasema?"

"Mama!"

"Ni ubao tu. Umenigusa."

"Umekugusa ukaanguka. Mama, mimi nasema siku zote. Ungekuwa umevunjika mguu, nani angemwinua nani hapo? Baba hawezi hata kutoka nje kuita mtu. Jumamosi nakuja, nakata tiketi mbili za kurudi, namchukua baba. Na safari hii hatubishani."

Bi Fundi aliugeukia msumeno, mkono kwenye paja. "Nikikuonyesha mashine imetulia?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Nitaiangalia," alisema binti. "Lakini tiketi nakata."

Kwa hiyo Alhamisi aliitwa fundi mota, rafiki wa Nukta wa miaka mingi, mtu mnene anayeongea na mashine kwa kunong'ona kama daktari. Aliushika mkanda, akaisikiliza mota kwa bisibisi sikioni, akaizungusha kila beringi kwa vidole. Nukta alikuwa anafuatilia kila kitu kutoka kitini, shingo ameigeuza aone vizuri.

"Shemeji, mota nzima. Beringi nzima. Mkanda mpya. Mimi sina la kukuambia, ila shafti yako imepinda unywele."

"Imepinda tangu siku tuliyoinunua. Hiyo ilishatibiwa."

"Na nani?"

"Na huyo hapo." Akamwonyesha nukta mbili, zinazotazamana.

Fundi mota alizitazama, akamtazama rafiki yake, akajikuna kidevu. "Labda na hizi tuziangalie," alisema.

Hapo Bi Fundi akawaka. "Angalia kitu kingine chochote! Angalia sakafu, angalia paa, angalia na mimi kama nimepinda. Mume wangu alikaa siku mbili na hizo nukta. Nimefanya nazo kazi miaka ishirini na tatu. Nukta ziache."

Fundi mota aliinua mikono juu, akakusanya spana zake. Alipokuwa akiaga, Bi Fundi aliona mumewe ameinamisha kichwa, uso umemshuka. Alidhani ni kwa sababu wamemjadili mbele yake kama vile hayupo, akamwonea huruma, akamshika bega.

Jioni ile Nukta hakula. Sahani iligeuzwa na kugeuzwa, naye hakutabasamu upande wowote.

Na Ijumaa asubuhi mkewe alimkuta mbele ya kabati, akijaza mashati kwenye begi kwa mkono wa kushoto, moja moja, bila kukunja.

"Unakwenda?" alimuuliza.

"Ndiyo."

"Mtoto amekuambia, au umeamua mwenyewe?"

Nukta alisukuma shati jingine ndani ya begi. "Haya," alisema, bila kumtazama, na neno hilo lingeweza kuwa na maana yoyote.

Wiki nzima Bi Fundi alikuwa akipigana ili mtu huyu abaki, na mtu mwenyewe alikuwa anafunga mizigo. Ilimuuma kuliko ule ubao. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kugombana na vitu, alinyakua suruali chafu za mumewe, akatoka nazo uani, akazitumbukiza kwenye beseni na kuanza kuzifikicha kwa hasira. Akienda, aende msafi. Watu wa huko wasije wakasema.

Kwenye goti la suruali ya kazi, la kushoto, kulikuwa na matone matatu mekundu.

Damu, aliwaza. Alikimbilia ndani na mikono ya povu, akampandisha mumewe mguu wa suruali aliyoivaa, akamkagua goti, akakagua na la pili, akatafuta jeraha kwenye vidole. Hakuna kitu. Nukta alikuwa anamshangaa. Alirudi uani, akayakwaruza matone kwa ukucha, na moja likabanduka kama ngozi ya kitunguu. Damu haibanduki hivyo.

Alibaki ameishika suruali inayochuruzika maji. Kisha akaenda karakana, akafungua droo ya chini ya msumeno. Kichupa cha rangi ya kucha, ambacho yeye hakukigusa tangu kiharusi, kilikuwa kimefungwa upande na rangi imekauka shingoni. Ndipo akaikumbuka Jumamosi ya wiki iliyopita. Alikwenda zahanati kupima fremu, akamwacha mumewe kitini saa mbili nzima. Aliporudi alimkuta palepale, anatokwa jasho, anatabasamu peke yake. Alidhani ni jua.

Nukta zilikuwa zimefifia. Nukta aliliona hilo, na nani mwingine angeliona? Aliinuka, akafungua mashine, akasafisha kisahani kwa mafuta ya taa kama ilivyo desturi yake, na masalia ya nukta ya zamani yakafutika au yakabaki upande ambao macho yake hayafiki. Akatia mpya pale alipodhani ndipo. Tangu siku hiyo, kila mara mkewe alipopanga nukta kwa uaminifu, unywele wa kisahani na unywele wa shafti havikufutana tena, vilijumlishwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiufunga ugonjwa ndani ya mashine, kwa mikono yake, kila siku, kwa sababu mumewe alimwambia.

Bi Fundi alikaa juu ya rundo la maranda, akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akagundua kwamba machozi yalikuwa ya aina nyingine. Binti akilijua hili, limekwisha. Mgonjwa aliyechezea mashine, mashine ikampiga mama. Hata yeye angekuwa binti angembeba baba siku hiyohiyo.

Aliifuta nukta mpya. Akafunga kisahani popote, akawasha, akatazama glasi. Akafungua, akakizungusha upana wa kidole, akafunga. Mara tatu, mara sita. Nati ilimchubua kiganja. Zamani alikuwa ameshika glasi tu na kazi hii ikifanywa na mwingine, na sasa alielewa kwa nini ilimchukua yule mwingine siku mbili. Mara ya kumi na moja maji yaliingia viduara viwili, vikakimbilia pembeni, vikapotea. Maji yakatulia tuli. Alitazama mahali ilipokuwa nukta ya uongo, na mahali penyewe pa kweli. Palikuwa ng'ambo kabisa, upande wa kulia.

Alipogeuka, Nukta alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo. Aliitazama glasi.

"Ilikuwa beringi," alisema Bi Fundi upesi. "Fundi mota aliniachia nyingine. Nimeweka, umetulia."

Mumewe aliitazama shafti, akamtazama yeye, kisha akageuka na kurudi ndani, mguu ukiburuzika.

Binti alifika Jumamosi saa tano, na hasira zake mwenyewe begani pamoja na mkoba. Hasira hizo alizirithi kwa mama, na zilikuwa za bure, maana alipomkumbatia baba yake alikaa shingoni pake mpaka mama akakohoa. Kisha wakaingia karakana wote watatu. Bi Fundi aliweka glasi juu ya meza, akawasha msumeno, akapasua ubao mbele yake, laini, bila mstari hata mmoja. Maji hayakutikisika.

"Haya," alisema, akizima. "Ilikuwa beringi. Imebadilishwa, mambo yamekwisha. Jingine?"

"Siyo," alisema Nukta.

Wakageuka wote wawili. Alikuwa amesimama, hakukaa kwenye kiti, begi lake limelala miguuni. Midomo ilikuwa inatafuta kitu, jasho likimtoka.

"Mimi," alisema. Akauinua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye shafti. "Nukta. Mimi."

Tangu aumwe hakuwahi kusema maneno hayo. Binti alimtazama baba, akamtazama mama ambaye ghafla alikuwa na shughuli kubwa ya kupangusa meza, na polepole akaelewa.

"Baba ndiye alifungua mashine? Ndiyo maana ikakupiga? Mama, na ulijua, ukataka kunificha?"

"Nilijua jana tu."

"Mama!"

"Niende," alisema Nukta. Akainama kulichukua begi, akalikosa, akalitafuta kwa kupapasa. "Mwenzangu... ataumia."

Bi Fundi akaacha kupangusa. Kumbe ndicho kilichokuwa ndani ya lile begi. Siku mbili alidhani mumewe amemchoka, amechoka na kiti na vumbi na kelele zake, na mwenzake alikuwa anajitoa kama mtu anavyoondoa ubao wenye msumari njiani. Zile hasira zake zote alizozoea kuvitupia vitu zilimpanda mpaka kooni, na kwa mara ya kwanza zikampata mumewe.

"Nani kakuuliza? Wewe unaamua, mtoto anaamua, cherehani anaamua. Aliyepigwa ubao ni nani? Paja ni la nani? Mbona hakuna anayeniuliza mimi? Mimi nataka ubaki! Nimekuzoea, nakupenda, sitaki karakana isiyo na wewe, na kama hamkulijua hilo basi nyote wawili ni vipofu kuliko anavyosema daktari. Ila mashine huifungui tena nikiwa sipo. Umenisikia? Ukitaka kufungua kitu, unanisubiri nirudi, maana hiyo nati..."

Akakatika.

"Hiyo nati," alirudia, taratibu, "mimi naifungua kwa mwili mzima."

Binti naye alikuwa ameigeukia nati. Daktari aliwaambia, mbele yake, kwamba kuinua kijiko ndio utakuwa mwisho wa nguvu za baba.

"Baba," alisema, "uliifunguaje?"

Nukta aliliacha begi. Akaiweka fimbo ukutani, akajivuta hadi kwenye msumeno kwa kushika ukingo wa meza. Alichukua kipande cha mbao, akakichomeka kati ya meno ya bledi na meza ili isizunguke. Akaipapasa spana, akaikalisha kwenye nati, ikateleza, akaikalisha tena, ikateleza. Binti alipiga hatua, na Bi Fundi akamkamata mkono wa gauni, akamshikilia. Nukta akageuza shingo yote kulia mpaka nati ikaingia ndani ya macho yake. Akaikalisha spana mara ya tatu, akalala juu yake kwa kifua, mkono wa kushoto umeshika mguu wa meza, akasukuma kwa mwili ule nusu uliobakia. Hakuna kilichotokea. Akapumzika, akasukuma tena. Dakika zikapita, basi la kurudi likapita, na wale wanawake wawili walisimama, mmoja amemshika mwenzake.

Nati ikalegea.

Aliimalizia kwa vidole, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto na kumnyooshea bintiye. Binti aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Shikamoo, fundi," alisema.

"Marahaba," alijibu baba yake, neno zima, bila kulitafuta.

Jumapili asubuhi binti alirudi kwake peke yake.